Mlango wa mkongo na samaki wa chuma: uchambuzi wa kisa kimoja cha karakana mjini Mtwara

Mafundi wawili wanaofanya kazi kwenye ua mmoja mjini Mtwara, seremala na mchomeleaji, waliulizwa kila mmoja peke yake: katika kazi zote ulizoagizwa kutengeneza, ipi unaipenda zaidi? Wote wawili waliutaja mlango uleule. Ni mlango uliogoma kufunguka baada ya mvua za kwanza, ukawagombanisha, na ukawaachia faida ndogo kuliko kazi za kawaida za madirisha na vitanda. Kwa hiyo nilitaka kujua kilichotokea, nikasimuliwa na kila mmoja kwa wakati wake, kisha na wote pamoja mbele ya mlango wenyewe.

Majina, mtaa na alama za kuitambulisha nyumba nimeviondoa. Vipimo na hatua za kazi ni kama walivyonieleza.

Usuli

Seremala ni mtu wa makamo. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa akichonga milango na kutengeneza majahazi. Mchomeleaji ni kijana aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA, akaanza na mashine ya kukodi, sasa ana yake. Wanagawana ua, umeme na mlinzi, lakini kwa miaka kadhaa kila mtu alikuwa na wateja wake. Mteja akitaka geti lenye mbao ndani, mmoja alimaliza sehemu yake, akamkabidhi mwenzake vipimo kwenye kipande cha karatasi.

Mteja wa kisa hiki ni mama mjane mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe kwenye mojawapo ya miji ya zamani ya pwani hii ya kusini. Anayeijua Mikindani ataelewa aina ya nyumba ninayoisema: kuta nene, baraza mbele, na mlango unaoitazama bahari. Mlango wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa upande wa chini. Alitaka mpya wenye mambo matatu. Uwe wa pande mbili kama wa zamani, wenye mfaa katikati, yaani ubao wima unaofunika pale pande mbili zinapokutana. Uruhusu upepo kuingia usiku bila kuruhusu mtu kuingia. Na uwe na samaki, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mvuvi.

Malipo yalikuwa nusu mwanzoni, nusu baada ya mnada wa korosho. Kazi ilianza Agosti, wakati wa kusi, hewa ikiwa kavu. Alitaka ikamilike kabla ya Desemba, familia itakapokusanyika kwa ajili ya khitima.

Uamuzi wa kwanza: mbao gani?

Mama aliutaka mpingo. Tuko kusini, mpingo ndio mti wetu wa sifa. Wachongaji wa Kimakonde wameupeleka duniani kote, na misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kuuvuna kwa utaratibu. Seremala alikataa, na sababu zake zinafaa kusomwa na kila kijana anayeanza kazi hii.

Mpingo hauna mbao ndefu. Shina lake ni fupi, limejipinda, mara nyingi lina uwazi au ufa ndani, na gogo lisipokaushwa polepole hupasuka. Unafaa filimbi, kinyago, fimbo, mpini. Halafu kuna uzito. Mita moja ya ujazo ya mpingo huzidi kilo 1,200, ndiyo maana kipande chake huzama majini. Upande mmoja wa mlango huu ulikuwa na upana wa sentimita 60, kimo cha mita 2.1 na unene wa milimita 45. Ungekuwa mpingo mtupu, ungefika karibu kilo 70. Ukiwa mkongo ni kama kilo 45.

"Mama, mlango wa mpingo wajukuu zako hawataweza kuufungua," alimwambia.

Wakaafikiana: fremu na mbao za kubeba uzito ziwe mkongo, ambao pwani nyingine huuita mbambakofi, paneli za chini ziwe mninga, kwa kuwa ni mwepesi zaidi na haunyauki wala kuvimba sana ukilinganisha na mbao nyingi, mpingo ubaki kwenye vishikio na vigingi vya kufungia maungio. Mbao zilinunuliwa zikiwa na alama ya nyundo, yaani muhuri wa misitu unaogongwa kwenye mbao halali, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ziliongeza gharama, lakini seremala anasema mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa njiani na TFS, wakala wa serikali wa misitu, na hapo fedha ya mteja imekwenda.

Uamuzi wa pili: chuma gani?

Sehemu ya juu ya kila upande ingekuwa na grili ya chuma yenye samaki watatu, na nyuma yake kidirisha cha mbao kinachofunguliwa kwa ndani. Usiku wa joto unafunga mlango, unafungua kidirisha, bahari inaingia.

Mchomeleaji alianza na alichokizoea: mabomba ya mraba ya milimita 20, membamba. Ni mepesi, ni rahisi, na yakipakwa rangi yanapendeza. Alipofikiria mahali mlango utakapokaa, akabadili mawazo. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huushika unyevu. Bomba lina upande wa ndani ambao brashi haifiki. Unyevu ukiingia kwa tundu dogo la kuchomelea, kutu inakula kutokea ndani, nawe nje unaona rangi nzuri mpaka siku kidole kinapotoboa. Nimeyaona mageti mengi ya namna hiyo, yamepakwa rangi ya dhahabu kwenye mikuki ya juu huku miguu imeoza. Inaniuma, kwa sababu mwenye geti alilipa fedha halali.

Akachagua chuma kisicho na uwazi: chuma bapa cha milimita 25 kwa 5 kwa fremu ya grili, nondo za mraba za milimita 12 kwa fito, na chuma bapa chembamba kwa samaki. Bei ikapanda. Mama alielezwa, akakubali.

Samaki ndio waliomchukua muda. Alimchora mmoja kwa chaki kwenye bamba la chuma, akachomelea vigingi vifupi kuufuata mchoro, ikawa kalibu. Kila kipande alikipasha moto wa mkaa mpaka kikawa chekundu, akakizungusha kwenye vigingi kabla hakijapoa. Mkia ndio mgumu: chuma kikipoa nusu, pembe haiingii, na ukilazimisha inapasuka. Baadaye kulikuwa na kuunga. Kuchomelea kunapasha chuma mahali pamoja, na pale panapopoa hujikunja na kuvuta kila kitu upande wake. Kwa hiyo alipiga pointi ndogo kwanza, kona moja kisha ya mkabala wake, akipima pembe kwa pembe kabla ya kujaza. Grili zote mbili zilitoka zimenyooka mezani.

Rangi aliifanya inavyotakiwa. Aliondoa maganda yote ya kuchomelea, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapaka rangi ya chini yenye zinki, kisha mikono miwili ya rangi ya juu. Ganda likiachwa chini ya rangi hubanduka nayo, na kutu huanzia hapohapo.

Kupachika

Seremala alikuwa amepewa vipimo vya grili, akachonga nafasi yake kwenye mbao kwa umakini mkubwa. Grili iliingia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira, ikabana pande zote nne, kisha ikakazwa kwa skrubu za chuma zilizopita kwenye matundu ya kipimo chao hasa. Kati ya pande mbili za mlango aliacha milimita 3. Watu walikuja kuutazama. Mtu mmoja alipitisha kucha kati ya chuma na mbao, haikuingia, akasifu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Mvua zilianza, hewa ikajaa unyevu, na asubuhi moja mama akapiga simu: mlango haufunguki, wageni wanapitia uani.

Walichokikuta

Kulikuwa na dalili tatu, na thamani ya kisa hiki iko katika kuzisoma kila moja peke yake.

Ya kwanza: pande mbili za mlango zilikuwa zimekutana na kubanana. Hata karatasi haikupita. Ya pili: juu ya kila grili, ungio la ubao wa kulala na nguzo ya pembeni lilikuwa limeachia, ufa wa unene wa kucha. Ya tatu: chini ya grili, pale chuma kilipogusa mkongo, kulikuwa na michirizi myeusi yenye rangi ya wino.

Waligombana. Mchomeleaji alisema, "Mzee, mbao zako zimevimba." Seremala akajibu kuwa mbao ni kavu, amezipanga kivulini na vipande vya kuzitenganisha, na alikuwa akipima kipande kidogo kwenye mzani wa duka kila wiki mpaka kilipoacha kupungua uzito, kilichoharibu ni chuma kisichojua kusogea. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli.

Seremala alitaka apige randa palepale, aondoe panapogusana, waende zao. Mama ndiye aliyewasimamisha. Akawaambia wakautazame mlango wa jirani, wa zamani sana, ambao hajawahi kuusikia ukigoma. Walienda. Jirani alifungua upande mmoja, na mafundi wakaona kati ya pande mbili pana nafasi inayokaribia kupitisha kidole. Mlango ukifungwa nafasi haionekani, kwa sababu mfaa unaifunika yote. Tena mlango ule haukuwa na bawaba: uligeuka kwa ncha zilizochongwa juu na chini, zikakaa ndani ya vizingiti, zikiwa na mchezo wake kidogo.

Seremala anasema alisimama pale muda mrefu. Mfaa alikuwa ameuchonga mwenyewe, kwa nakshi nzuri, akidhani ni pambo na kizuizi cha mwizi. Mjomba wake alikuwa akiuacha mpana kila mara, na hakuwahi kumweleza kwa nini.

Marekebisho na sababu zake

Mbao haisogei sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki. Kwa upana hupokea unyevu na kutanuka, kisha hunywea hewa ikikauka. Hii haina uhusiano na ubichi. Hata mbao kavu kabisa itafanya hivyo mwaka hadi mwaka, na iliyokaushwa chini ya bati wakati wa kusi itavimba zaidi ikikutana na mvua.

Wakapiga hesabu ya asilimia 1 tu. Kila upande wa mlango una nguzo mbili za pembeni zenye upana wa milimita 120, kwa hiyo mlango mzima una milimita 480 za mbao zinazotanuka kwa upana. Asilimia 1 ni karibu milimita 5. Nafasi iliyoachwa ilikuwa 3. Dalili ya kwanza imeelezeka.

Ubao wa kulala wa katikati, unaobeba grili, ulikuwa na upana wa milimita 220. Ukivimba, unapanda zaidi ya milimita 2. Juu yake kuna grili iliyobana, nayo haina pa kwenda, kwa hiyo inausukuma ubao wa juu mpaka ungio linaachia. Chuma chenyewe hakijali unyevu. Kinatanuka kwa joto, na kidogo mno: kipande cha mita moja kikiongezeka nyuzijoto 30 kwa jua hurefuka kwa karibu theluthi moja ya milimita. Basi ubao unatembea na chuma kimesimama, na vimefungwa pamoja.

Michirizi myeusi ni jambo jingine. Mbao ngumu nyingi zina tanini, kemikali ya asili ya mti. Ikikutana na chuma penye maji hutoa weusi usiofutika kwa kitambaa. Grili ilipogongwa kuingia, rangi ilikwaruzika ukingoni, maji yakakaa kwenye mfuo bila njia ya kutoka.

Walichofanya ni hiki. Pande za mlango zilipigwa randa mpaka zikaachana milimita 3 zikiwa zimevimba, wakijua zitaachana zaidi kiangazi, na mfaa wenye milimita 70 utaficha. Mchomeleaji alikata chuma cha chini cha kila fremu ya grili, akakipandisha kwa milimita 6; samaki hakuwagusa. Matundu ya juu yaliachwa ya duara, ya chini akayarefusha kwa tupa yawe na umbo la yai, ili skrubu iende juu na chini ubao unapotembea. Kuzunguka grili yote waliweka utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, chuma kisiiguse mbao. Skrubu zikawa za shaba. Chini ya mfuo walitoboa vitundu viwili vya kutolea maji, vinavyoteremka kwenda nje. Na badala ya kugongwa, grili sasa inashikiliwa na vijiti vya mkongo vinavyoweza kufunguliwa, ili siku ya kupaka rangi itoke nzima.

Matokeo

Misimu miwili ya mvua imepita. Mlango unafunguka. Wakati wa kusi nafasi katikati inapanuka, mvua zikija inapungua, na mama haoni tofauti. Maungio yaliyoachia yalifungwa upya kwa gundi na vigingi vya mpingo, na hayajafunguka tena. Michirizi myeusi ilisuguliwa kwa msasa; upande mmoja bado kuna kivuli chake ukikaribia.

Kwa fedha, haikuwa kazi nzuri. Marekebisho yalikula muda wa watu wawili, gesi ya kukatia, rangi na skrubu mpya. Hakukuwa na makubaliano ya nani abebe gharama kazi ikirudi, na huo ndio ulikuwa ugomvi mrefu kuliko wa mbao na chuma. Mwishowe waligawana nusu kwa nusu, na mama alilipa fedha iliyobaki yote bila kukata.

Kwa nini wanaipenda

Nilitegemea mchomeleaji aniambie kuhusu samaki. Wanapendeza kweli, jua la asubuhi likipita, vivuli vyao vinalala kwenye sakafu ya ukumbi. Yeye alinionyesha tundu la umbo la yai, lililofichwa nyuma ya kijiti cha mkongo. Alisema kabla ya hapo alikuwa akidhani ubora wa kazi ni kubana. Sasa akitazama kazi za wenzake huangalia kwanza mahali pa kupumulia.

Seremala jibu lake lilikuwa fupi. Kama mjomba wake angekuwa hai, mlango huu ndio angempeleka akauone.

Uchambuzi

Maamuzi ya vifaa yalikuwa sahihi na ndiyo yaliyouokoa mlango. Kama grili ingekuwa ya bomba jembamba, kuikata na kuichomelea tena kungeidhoofisha. Kama mlango ungekuwa mpingo, sidhani kama ungefika Desemba. Kumkatalia mteja anachokitaka kwa heshima, kwa kumpa sababu na uzito kwa kilo, ni sehemu ya ufundi, na seremala aliifanya vizuri.

Kosa la msingi lilikuwa la utaratibu, na lilitokana na ujuzi. Seremala alizoea tatizo la mbao mbichi inayonyauka na kuacha nyufa, kwa hiyo dawa yake ya siku zote ilikuwa kukausha vizuri na kubana. Safari hii alikausha vizuri mno, kwenye msimu mkavu, akabana. Dawa iliyomfaa kwa miaka mingi ndiyo iliyomdhuru, wala hakuwa mzembe. Mchomeleaji naye alipima grili mezani peke yake. Kwake kipimo ni kipimo, kwa kuwa chuma cha leo ni chuma cha kesho. Hakuna aliyemwuliza mwenzake: hiki chako kitakuwaje Januari? Kipande cha karatasi chenye vipimo kiliwatosha wote wawili.

La pili ni kuichukulia milango ya zamani kama picha ya kuiga nakshi. Mama alitaka mfaa, wakampa mfaa, lakini kazi yake hawakuipa nafasi. Ningependa kila fundi wa Mtwara na Lindi anayepokea oda ya mlango wa namna hii aende kwanza kufungua na kufunga mlango mmoja wa zamani, apitishe mkono juu na chini, aone unavyozunguka na unavyoachana. Ile milango ilijengwa na watu walioishi na unyevu huuhuu.

Dosari moja bado ipo. Ukingo wa chini wa grili upande wa bahari umeanza kutoa doa la kutu, pale penye mshono wa kuchomelea uliofanywa mara ya pili. Zinki ya hapo iliungua na haikurudishwa kikamilifu. Wamekubaliana na mama kuitoa grili kila Oktoba, kabla ya mvua, kusugua na kupaka. Mwaka wa kwanza walichelewa.

Oda nyingine mbili za milango ya pande mbili zimeingia tangu hapo. Sasa mafundi hupima pamoja, mbao na chuma vikiwa mezani kwa wakati mmoja, na wameandika kwenye makubaliano kuwa sehemu ndogo ya malipo itabaki kwa mteja mpaka mvua za kwanza zipite na wao warudi kukagua. Mteja mmoja alilalamika kuwa bei imepanda. Imepanda kweli, kwa sababu safari hiyo ya kurudi imehesabiwa ndani yake.